Bomba la Kufikia Bagira

Maneno mwana wa Hadji alikuwa na tabia iliyowaudhi abiria na kuwafurahisha watu waliokwama njiani: nyuma ya gari lake hamkukosa takataka. Waya, makopo matupu, vipande vya mpira wa tairi, vikuku vya chuma vya kukazia mabomba, na kila siku kipande cha lile bomba linalojikunja ambalo madereva wa Bukavu huliita fleksibo. Bomba la moshi likikatika barabarani, unakata palipooza, unavalisha fleksibo huku na huku, unakaza vikuku, unaondoka. Ni dawa ya siku mbili tatu, mpaka umpate mtu wa kuchomelea. Lakini nionyesheni dereva wa Bukavu aliyekwenda kwa mchomeleaji gari likiwa limeshanyamaza. Watu hukaa na fleksibo mpaka inatoboka, kisha hufunga nyingine juu yake, na maisha yanasonga.

Baba yake, muzee Hadji, alifia Minova. Jina la Hadji alipewa na wazazi siku ya kuzaliwa. Makka hakuwahi kuiona, na aliyemtania kwa hilo alijibiwa kwamba yeye alihiji akiwa tumboni. Aliuza vitambaa kama baba yake na babu yake, ukoo uliotoka pwani ya mashariki, ukapitia Uvira, ukaota mizizi Bukavu. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, lakini soko la Minova hakuliacha. Safari hii alifuatana na kitinda mimba wake, Yasmine. Akaanguka dukani kwa mteja, baada ya swala ya alasiri, kitambaa kimekunjuliwa nusu mikononi mwake.

Maneno alipopigiwa simu alimchukua baba yake mdogo, tonton Akilimali, wakaondoka saa hiyo hiyo na gari la Maneno, ile Noah ya teksi. Walipofika Minova giza lilikuwa limeshaingia, na Yasmine alikuwa ameketi kichwani pa baba yake akisoma Yasini. Alisoma mpaka alfajiri bila kufumba jicho. Asubuhi watu wa msikiti wakamwosha muzee, wakamvisha sanda, wakamtia karafuu maiti na marashi, wakamlaza nyuma ya gari juu ya mkeka. Viti vyote vya nyuma vilikunjwa isipokuwa kimoja, na hicho akakaa Yasmine, ili maiti asiwe peke yake.

Muzee angeweza kuzikwa palepale Minova. Imamu wa kule alisema hivyo, na alikuwa na haki. Aliyekataa ni mkewe, maman Amisa, aliyekuwa nyumbani Bagira. Siku Hadji alipoondoka waligombana. Yeye alimwambia kwamba moyo wake hauwezi tena mashimo ya barabara ile, mume akamwambia mwanamke haujui moyo wa mwanaume, maneno yakapanda, na muzee alipobisha mlango wa chumba kuaga, maman Amisa hakufungua.

“Nilimuambia: enda basi, na usirudi,” alimwambia Maneno kwenye simu. “Mutoto wangu, njo neno ya mwisho alisikia mu kinywa yangu. Musimuzike mbele sijamuomba radhi. Unileteeko baba yako, hata kwa dakika kidogo tu. Nakuomba.”

Alisema polepole, bila kulia, na hilo ndilo lililomtisha Maneno. Mama yake alikuwa mtu wa kulia hadharani, mtu wa kulia hata kwenye harusi. Sasa alikuwa na macho makavu na sauti ya kuhesabu. Maneno akamwahidi. Imamu wa Bukavu naye alipigiwa, akakubali kungoja mpaka alasiri, si baada ya hapo. Basi kazi ya siku hiyo ilikuwa hiyo tu: kumfikisha muzee Bagira mapema, mama apate kumwambia mumewe alilokuwa nalo, kisha msikitini na makaburini.

Walipotoka Minova, Yasmine alianza kuongea na baba yake. Maneno alidhani anaomba dua, kumbe alikuwa anamtajia njia. “Papa, tumetoka sasa. Ziwa iko mukono ya kushoto.” Halafu kidogo: “Papa, huku njo kule ulisema utanunua kiwanja.” Alikuwa msichana wa ishirini na kitu, mbishi, mwenye kidole cha kugusa kitambaa mara moja na kukwambia kimechanganywa na nailoni. Wateja walimwogopa kuliko walivyomwogopa muzee. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo na yenye adabu, na tonton Akilimali, mtu mzima mwenye ndevu, aliposikia akageuza uso dirishani.

Kabla ya Nyabibwe gari likapiga jiwe. Kikasikika kishindo chini, halafu mngurumo wa kutisha. Bomba la moshi lilikuwa limekatika.

Maneno alizima gari, akatandika gunia kwenye matope, akaingia chini. Alichokiona hakikumpendeza. Hapakuwa pamekatika tu; palikuwa pameoza toka katikati mpaka karibu na nyuma. Alipokata kwa msumeno kutafuta chuma kizima, kila alipofika pakawa pamechakaa zaidi. Alipoishia, kipande chake cha fleksibo kilikuwa kifupi. Upande wa mbele kilivaa vizuri. Upande wa nyuma kilishika upana wa kidole tu. Akakaza kikuku, akakata kopo la maziwa akalizungushia pale kwenye kiungo, akafunga na waya, akavuta waya kwa koleo mpaka ukazama kwenye bati la kopo.

Juu ya kiungo hicho, kwenye sakafu ya gari, palikuwa na tundu la kutu. Maneno alilijua tundu hilo. Alikuwa amelifunika kwa katoni na zulia tangu mwaka uliopita, na kila juma alisema ataliziba. Lilikuwa chini ya kiti alichokalia Yasmine.

“Iko namna gani?” tonton Akilimali aliinama kuuliza.

“Itatufikisha. Lakini si kazi ya kuamini. Hapo mbele Nyabibwe kuko mutu moja ya kuchomelea, iko na jenereta.”

“Atamaliza saa ngapi?”

“Mpaka afungue atoshe hii yote, atafute bomba... alasiri itatukuta hapa.”

Tonton akainuka, akatazama ziwa. Hakutaka kuwa yeye wa kuamua, na Maneno alimwelewa. Akatazama ndani. Yasmine alikuwa ameweka kiganja chake juu ya sanda, kifuani pa baba yao, kama mtu anayezuia mtoto asianguke kitandani. Maneno akaikumbuka sauti kavu ya mama yake. Akapanga vifaa.

“Twende. Lakini vitre zikae wazi zote,” alisema, akionyesha vioo vya madirisha. “Moshi ya hapa haiko muzuri. Yasmine, umesikia? Ya kwako usifunge.”

“Nimesikia, kaya.”

Kaya ni kaka, na alimwita hivyo tangu alipoanza kusema.

Kuliwasha gari ilikuwa shughuli nyingine, kwa sababu kiwashio kilikuwa kimekufa siku nyingi. Wapita njia wakaliona gari lililogeuka jeneza, wakavua kofia, wakasukuma. Gari likawaka. Mngurumo ulikuwa umetulia kabisa, na Maneno, Mungu amsamehe, aliona fahari kidogo.

“Papa, sasa tuko Nyabibwe,” Yasmine akasema.

Mvua iliwakamata Kalehe. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka tu kutoka milimani, ikilala upande, na upepo wa ziwa ukaipeleka ndani kupitia madirisha. Matone ya kwanza yaliangukia sanda. Tonton Akilimali aligeuka, akaona madoa yanaenea kwenye kitambaa cheupe, na pembeni tope jekundu lililorushwa na pikipiki iliyowapita.

“Funga vitre!” alisema. “Sanda ya kaka yangu inalowa.”

“Tonton, nilisema moshi.”

“Moshi gani? Miye sisikie moshi. Ile ni ubani.”

Ni kweli, gari zima lilinuka ubani. Watu wa Minova walikuwa wamefukiza sanda vizuri, na karafuu maiti, na marashi ya waridi chupa nzima, kwa heshima ya mtu waliyempenda. Maneno alivuta pumzi kutafuta moshi, akapata marashi. Alitazama kiooni. Yasmine alikuwa amekwishavua kilemba chake cha juu na kuanza kukausha sanda nacho, akifuta tone kwa tone, akilia.

“Kaya, tafazali,” alisema. “Papa analowa.”

Nani angebisha? Mwambie mtu baki akae na dirisha wazi, atake asitake. Lakini baba yako, ameshaoshwa, ameshatoharishwa, anakwenda kwa Mola wake na tope kwenye sanda? Maneno alipiga hesabu kichwani: mvua hii haitadumu, Bagira si mbali sana. Akasema, “Basi funga, ikitulia tunafungua.” Yasmine akafunga. La tonton likafungwa. La Maneno halikufungika lote, kwa kuwa kioo chake kiligoma juu, kikaacha upenyo, na mvua ikawa inamchapa sikioni njia nzima.

Mbele kidogo lori lilikuwa limeteleza na kukaa kimshazari, limeziba njia. Watu wote walioweza kusukuma walishuka. Maneno na tonton wakashuka. Gari hawakulizima, nani angelisukuma tena katika matope yale? Yasmine naye hakushuka, kwa sababu maiti haachwi peke yake, na ni yeye aliyekuwa amejitwika kazi hiyo tangu jana. Walisukuma lori wakaloa chapachapa. Walirusha mawe chini ya magurudumu, wakabishana na dereva wa lori, wakasukuma tena. Lilipochomoka, Maneno alirudi mbio, akaingia, akafunga mlango. Kulikuwa na joto zuri ndani, naye alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akalifurahia lile joto.

“Papa, tunaendelea,” Yasmine alisema, lakini alisema baada ya muda, na ulimi wake ulikuwa mzito.

Katana akaitaja. “Papa, tuko Katana.” Kisha: “Kaya, kichwa inaniuma sana.”

“Hata miye. Tumelia, hatukulala, hatukukula. Kunywa maji.”

“Natapikatapika hivi.”

“Ni uchungu hiyo,” alisema tonton Akilimali, akikanda paji lake mwenyewe. “Alipokufa baba yetu, miye nilitapika siku mbili. Lala kidogo, mutoto. Weka kichwa hapo. Baba yako anakuona.”

Mvua ilikuwa haijapungua. Maneno aliwaza dirisha. Aliliwaza kweli, akalitazama la Yasmine kwenye kioo, likiwa limejaa ukungu, na maji yakiteremka juu yake. Mbele yao kulikuwa na kizuizi na foleni, na saa ilikuwa imekwenda, na imamu alikuwa amepiga simu mara ya pili. Akasema moyoni, tukifika Kavumu. Walipofika Kavumu Yasmine hakuitaja. Alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye kiti, mkono mmoja umening’inia juu ya sanda. Maneno akashusha sauti, akataja kwa niaba yake.

“Papa, tunapita Kavumu.”

Kavumu wakaipita bila dirisha kufunguliwa. Mtu aliyekesha usiku kucha amepata usingizi, umfungulie mvua usoni?

Waliingia Bagira watu wameshajaa uani, chini ya turubai, wanaume huku, wanawake kule. Ua wa Hadji uko bondeni, unauteremkia kutoka barabarani, na gari likizimika pale halisukumiki. Maneno akaliegesha mgongo kwa ukuta, akibakiza nafasi ya kufungua mlango wa nyuma tu, akaliacha linaunguruma, maana baada ya dakika chache lingempeleka muzee msikitini. Akashuka. Alishika ukuta akatapika. Wanawake walimwonea huruma, wakasema, huyo ndiye mtoto wa kwanza, uchungu wa baba umemshika.

Maman Amisa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amevaa viatu. Aliwatazama wanaume wakifungua mlango wa nyuma na kumvuta muzee polepole pamoja na mkeka, halafu akachungulia kwenye gari.

“Yasmine iko wapi?”

“Amelala, maman.”

Maneno alikwenda kumwamsha. Alimtikisa bega. “Yasmine. Tumefika.” Akaitika. Aliitika “mm,” kwa sauti ndogo iliyozidiwa na injini, kama alivyozoea kuitika tangu mdogo akiamshwa kwenda shule, wala hakufumbua macho. Maneno akataka kumtikisa tena.

“Umuache!” mama yake akasema nyuma yake. “Usiku muzima mutoto hajalala, alimuangalia baba yake peke yake. Acha apumuzike kwanza. Tutamuamsha gari ikitoka.” Akafungua kikwembe alichojifunga juu ya nguo, akampa Maneno. “Umufunike. Baridi.”

Maneno akamfunika dada yake mpaka kidevuni. Mvua ilikuwa bado inanyesha, basi mtu mmoja akaubamiza mlango wa nyuma, na yeye akafunga ule wa ubavuni taratibu, usimshtue.

Ndani wakamlaza muzee sebuleni, wakafungua sanda usoni. Maman Amisa akapiga magoti kichwani pake. Watu walitarajia kilio, wakajiandaa kumshika. Hakulia.

“Papa Maneno,” alisema. “Ni miye. Umerudi.”

Akamfuta unyevu wa mvua kwenye paji.

“Ile neno nilisema, naitosha, naiondoa. Sikuitaka. Nilikuwa nyuma ya mulango, nilisikia mukono yako inabisha, nikasema moyoni, ajue kama nimekasirika, akirudi nitafungula. Unisamehe. Uniwee radhi, kwa Mungu. Na miye yote uliyonifanyia, kubwa na kidogo, nimekusamehe.”

Hapo ilikuwa imetosha, na tonton Akilimali alitazama saa yake. Lakini aliyekaa na mtu miaka yote ile hana neno moja. Maman Amisa alianza kumsimulia. Akamwambia paa la jikoni bado linavuja pale aliposema amelitengeneza. Akamwambia chai yake ya siku ile aliimwaga kwa hasira, na akajuta, kwa sababu ilikuwa na tangawizi. Akacheka kidogo, na wanawake wakacheka naye huku wakifuta macho. Akamrekebishia ndevu. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Baadaye ndugu wakaomba nao wamtazame, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na neno lake la kuomba radhi.

Maneno alisimama pembeni, kichwa kinampasuka, akimwangalia mama yake. Uso wake ulikuwa umefunguka. Machozi yalikuwa yamekuja hatimaye, yale machozi yake ya kawaida, mengi, yasiyo na aibu. Maneno alijisikia mwepesi. Alisema Alhamdulillahi, nimeweza. Nje gari lilisikika likiunguruma chini ya kelele za mvua kwenye mabati, na alilisikia kama kitu kilichofanya kazi yake vizuri.

Walipomfunga muzee sanda na kumbeba, Maneno akatangulia kumwamsha Yasmine.

Alifungua mlango. “Simama, dada. Tunamupeleka papa.” Akamvuta mkono, na mkono ukaja wote, mzito, ukaanguka. Ulikuwa bado na joto. Kichwa kililala upande. Uso wake ulikuwa mwekundu, una afya kuliko asubuhi, midomo imeiva, na mtu asiyejua angesema huyu amelala usingizi mtamu. Maneno alimwita kwa sauti. Akamwita tena. Kisha akamkumbatia, akamtoa nje kwenye mvua, akamlaza barazani, na sauti aliyoitoa iliwafanya waliobeba muzee wasimame katikati ya ua wasijue waende wapi.

Delphine, jirani muuguzi aliyekuja kuhani, akawasukuma watu. Akambana kifua Yasmine, akampulizia kinywani, akabana tena. Alifanya hivyo muda mrefu, kilemba kimemvuka, jasho na mvua vimechanganyika usoni. Halafu akaweka sikio kifuani, akalitoa, akaweka tena. Alipoinuka hakumtazama mtu.

“Hii gari inawaka tangu saa ile mulifika?” aliuliza.

Maneno akakimbilia gari. Alilala kifudifudi kwenye tope, akatazama chini ya gari. Fleksibo ilikuwa imechomoka upande wa nyuma, imening’inia na kopo lake la maziwa. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye lile tundu la sakafu, hata mvua haikuupata. Akanyanyuka, akaingia, akalizima gari. Ndipo uani kukawa kimya, na kilio cha mama yake kikasikika vizuri.

Imamu aliongeza muda. Wanawake walimwosha Yasmine chumbani kwake, na maman Amisa mwenyewe ndiye aliyemmiminia maji, hakukubali mwingine. Waliswaliwa wote wawili pamoja, baba na binti. Gari la jirani likawapeleka makaburini, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuigusa ile Noah. Maneno aliingia kaburini mara mbili. Mara ya pili alipompokea dada yake alishangaa jinsi alivyo mwepesi, akakumbuka kwamba tangu jana alikuwa hajala, na akaanza kulia kwa sababu hiyo tu, kwamba amezikwa na njaa.

Waliporudi, mvua ilikuwa imekatika na jua la jioni likatoka kidogo, halina haya. Maman Amisa alikuwa ameketishwa kwenye godoro sakafuni, ameelekea mlangoni. Delphine alikuwa karibu naye na kikombe cha maji ya sukari. Maneno aliingia na udongo miguuni, akakaa mbele ya mama yake. Mama akamwekea mkono juu ya goti.

“Maneno,” alisema. “Nataka uniambie kweli ya Mungu. Miye njo nilisema umuache. Nilimufunika na kikwembe yangu. Ulimuita kwanza, mbele ya ile. Aliitika?”

Maneno aliusikia ule mm. Aliusikia wazi, na usingizi wake, na uvivu wake wa asubuhi za shule. Alijua pia kwamba mama yake akiusikia hatakuwa na siku nyingine ya amani duniani. Atakula nao na atalala nao. Kwa mumewe alikuwa ameomba radhi, akaipata, au angalau aliamini ameipata. Kwa mtoto ataiomba kwa nani?

Delphine aliacha kukoroga maji. Yeye ndiye aliyekuwa ameugusa mwili, alijua ulivyokuwa na joto.

“Hakuitika, maman,” Maneno alisema.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Alikuwa ameshakwenda zamani. Kule Kalehe, kwa lori. Wewe ulimufunika mutu ambaye hayuko.”

Delphine akainamisha kichwa, akatazama ndani ya kikombe, akaanza tena kukoroga.

Maman Amisa alifikiri. Alipitisha njia yote akilini, Maneno alimwona akiipitisha: Kalehe, Katana, Kavumu, foleni, mvua, saa nzima na zaidi.

“Toka Kalehe,” alisema. “Toka Kalehe mutoto wangu amekufa mu gari yako, nyuma yako. Na haukugeuka?”

“Sikugeuka.”

“Haukumugusa hata mara moja?”

“Nilikuwa na haraka ya kufika, maman.”

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, usoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Halafu akaondoa mkono wake gotini pa mwanawe, akauficha ndani ya kanga, akageukia ukutani. Maneno alikaa palepale mbele ya mgongo wake mpaka wanawake walipokuja kumwambia kwamba mama anataka kupumzika.